Mkaa, Makumbi na Upepo wa Ziwa: Kuihamisha Okidi Ilemela

Okidi nyingi zinazokufa mikononi mwa watu wanaozipenda hufa kwa kuzidiwa na maji. Mwenye ua huyaona majani yamelegea, akadhani ni kiu, akaongeza maji. Majani yakazidi kunyauka, naye akaongeza tena. Kinachomponza hakionekani kwa kuwa kimo ndani ya chungu: mizizi imekwisha oza, na mzizi uliooza haunywi hata ukizamishwa ziwani. Kwa hiyo, msikilizaji, mazungumzo ya leo yataacha maua pembeni na kuingia chunguni. Yataeleza namna mkazi wa Ilemela, Mwanza, anavyoweza kuchagua mchanganyiko wa kuipandia okidi pale inapofika wakati wa kuihamisha, tena kwa vitu vilivyo jirani naye, kuanzia gunia la mkaa hadi vipande vya matofali vilivyosalia kwa fundi.

Wauza miche wa kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza wanaijua kazi yao. Waridi, asumini, mchungwa wa kubebesha, vyote huviweka katika udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza na pumba kidogo za mpunga, na vyote hushika vizuri. Ushauri huo ukipewa mwenye waridi ni ushauri mzuri. Ukipewa mwenye okidi, ua lina miezi michache tu ya kuishi.

Sababu yake iko kwenye mzizi. Okidi nyingi zinazopandwa majumbani, kwa asili, huota juu ya miti. Phalaenopsis, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi duniani, imetoka katika misitu ya Asia, na huko hushikilia gome la mti huku mizizi yake ikitambaa na kuning'inia hewani. Haiunyonyi ule mti. Inapata pa kukaa tu. Ukikata mzizi wake kwa wembe utaona uzi mwembamba, mgumu, umepita katikati, na kuuzunguka kuna tabaka nene jeupe la chembe zilizokufa zenye matundu. Tabaka hilo huitwa velameni. Mvua ikinyesha, velameni hunyonya maji upesi kama sponji, kisha huyapitisha ndani taratibu. Ikiwa kavu hung'aa rangi ya fedha. Ikilowa hugeuka kijani, kwa sababu chini yake mna chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mzizi huo umezoea kulowa na kukauka ndani ya siku chache. Udongo wa bustani huziba nafasi zote za hewa, maji yakatuama, na kuvu wanaoozesha wakajipatia makazi.

Waingereza walilijua hili kwa hasara kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 meli zilikuwa zikishusha okidi za nchi za joto kwenye bandari zao, na matajiri walizigombania. Mwaka 1830 mtaalamu wa mimea John Lindley aliwashauri wanachama wa chama cha bustani cha London wazipe okidi joto kali, kivuli na unyevu usiokatika. Watu wakatii. Mimea ilifungiwa katika nyumba za vioo zilizojaa mvuke, mizizi ikiwa imefukiwa katika mchanganyiko mzito, ikafa kwa maelfu. Aliyegeuza mambo ni Joseph Paxton, mtunza bustani wa Chatsworth, ambaye katika miaka ya 1830 alianza kuzifungulia madirisha na kupunguza joto. Baadaye Ulaya na Marekani zikahamia kwenye nyuzi za mizizi ya kangaga iitwayo osmunda, na kufikia katikati ya karne ya 20 magome ya miti jamii ya misonobari yakachukua nafasi hiyo. Historia nzima ya kuipanda okidi chunguni, kwa kweli, ni historia ya kuirudishia hewa iliyonyimwa.

Lindley huyo huyo ndiye aliyeipa jina la kisayansi, mwaka 1844, okidi moja ya Kiafrika inayotufundisha zaidi kuliko vitabu vyake vya awali: Ansellia africana. Ni okidi yenye mashina marefu na maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, na Tanzania ni mojawapo ya nchi nyingi za Afrika inakoota. Ukiikuta juu ya tawi utaona jambo la ajabu. Pamoja na mizizi inayoshika mti, huotesha mamia ya vijizizi vyembamba, vyeupe, vilivyochongoka kuelekea juu, vikafanya kikapu kizima kuzunguka shina. Majani makavu yanayoanguka kutoka juu hunaswa humo, yakaoza polepole, na okidi ikala. Mchanganyiko wake wa kupandia imeuokota yenyewe, nao ni mwepesi, umejaa hewa, na hukauka upesi. Kwenye kisiwa cha Rubondo, kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, zimeorodheshwa aina zipatazo 40 za okidi, nyingine za ardhini na nyingine za mitini. Huko ni kwenda kutazama tu. Kung'oa mmea hifadhini ni kosa, na okidi zote duniani zimo katika viambatisho vya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Okidi ya kupanda nyumbani inunuliwe kwa mtu aliyeiotesha, au igawanywe kutoka kwa jirani aliye nayo.

Sasa turudi Ilemela. Anayetafuta jibu la swali la mchanganyiko katika vitabu vya Uholanzi au Marekani atapata majibu ya Uholanzi na Marekani, yaliyopimwa kwa nyumba za vioo na kwa vyumba vyenye mitambo ya kupasha joto wakati wa baridi. Ilemela ina mambo yake. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana una joto la wastani na usiku hupoa. Mvua huzidi milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake ikishuka katika vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Katikati kuna Juni, Julai na Agosti, miezi ambayo wingu hupotea na upepo hukausha kila kitu. Kila siku pia ina mwendo wake: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Baraza la nyumba ya Igombe au Kayenze, linalopigwa na upepo huo bila kizuizi, hukausha chungu upesi kuliko ua uliozungushiwa ukuta mrefu kule Nyakato. Mchanganyiko mmoja hauwezi kuzifaa nyumba zote mbili, na mtu asikubali kudanganywa kwamba upo.

Kuna neema moja ambayo wakazi wa Ilemela hawaisemi vya kutosha, nayo ni maji ya bomba yatokayo ziwani. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Maji hayo hayajapita kwenye miamba wala kwenye udongo wa chumvi, ndiyo maana yana chumvichumvi kidogo sana. Kipimo cha kupitisha umeme, ambacho huonyesha wingi wa chumvi majini, husoma kiasi cha maikrosimensi 100 tu kwa sentimita. Mwenye okidi anayetegemea kisima cha maji ya chumvi, kama vilivyo vingi Dar es Salaam, huiona chumvi nyeupe ikigandia mkaa na ncha za mizizi zikiungua. Mwenye maji ya ziwa ana uhuru wa kutumia vitu ambavyo mwenzake wa kisima inambidi aviogope. Upungufu wa maji hayo ni mmoja: yana kalisi (kalsiamu) kidogo, na tutaona lilivyo jambo la maana tukifika kwenye makumbi.

Tuanze na mkaa, kwa sababu kwa Ilemela ndio unaostahili kuwa wa kwanza. Nchini Thailand, wanaootesha okidi za dendrobium na vanda kwa biashara wameutumia kwa miaka mingi, na sababu zao zinahamia Mwanza bila kubadilika. Mkaa wa miti migumu hauozi. Ni mwepesi. Kati ya kipande na kipande hubaki nafasi kubwa ya hewa, na juu ya kila kipande hubaki utando mwembamba wa maji ambao mzizi huufuata na kuung'ang'ania. Halafu kuna mchwa. Magome na makumbi ni chakula chao, na chungu kilichowekwa chini kwenye ardhi kinaweza kuliwa mchanganyiko wote kabla mwenyewe hajashtuka, lakini mkaa hawaugusi. Chagua vipande vya sentimita 2 hadi 3, vilivyoiva, vinavyolia vikigongana. Chekecha vumbi lote, kisha loweka usiku kucha na kusuuza, kwani mkaa mkavu huyasukuma maji pembeni badala ya kuyapokea. Usichukue uliokwisha anza kuwaka jikoni, kwa maana majivu yana magadi yanayochoma mizizi. Mkaa mbadala wa kubumba nao haufai: hugandishwa kwa wanga au udongo, na ukilowa hurudi kuwa tope.

Makumbi ya nazi ndiyo yanayosifiwa zaidi na wataalamu wa nje, na sifa hizo ni za haki. Kipande cha kumbi hushika maji ndani yake huku kikiacha hewa ipite pembeni, jambo ambalo mkaa peke yake hauliwezi. Lakini Ilemela si Tanga. Nazi kavu nyingi zinazofika sokoni Kirumba huwa zimekwisha fuliwa huko zilikotoka, makumbi yakabaki pwani. Yanayopatikana kwa urahisi ni ya madafu, na hayo ni mabichi, laini, yamejaa maji ya rangi ya chai yenye tanini. Anayetaka kuyatumia inampasa ayakaushe juani hadi yawe ya kahawia kabisa, ayakate vipande vya sentimita 1 hadi 2, kisha ayaloweke na kubadilisha maji mara kwa mara mpaka yatoke meupe.

Na hapo ndipo suala la chumvi linapoingia. Mnazi hukaa jirani na bahari, na makumbi yake huwa na sodiamu na potasiamu nyingi. Yako hata makumbi yaliyokaa baharini kwa makusudi: akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Bwejuu na Paje, huyafukia katika mchanga unaofunikwa na maji ya kujaa na kupwa kwa miezi kadhaa, kisha huyaponda ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Usumba wa namna hiyo ni malighafi nzuri sana ya kamba na ni sumu kwa okidi usipooshwa. Kusuuza kwa maji matupu huondoa sehemu tu ya chumvi, kwani sehemu nyingine hushikiliwa na nyuzi zenyewe. Dawa yake ni kuyaloweka kwa siku moja katika maji yenye kalsiamu naitreti kidogo, ile mbolea wanayonunua wakulima wa nyanya, kisha kusuuza tena. Kalisi huingia kwenye nyuzi na kuisukuma sodiamu nje. Maji ya ziwa, kwa kuwa yana kalisi kidogo, hayawezi kuifanya kazi hiyo yenyewe. Makumbi yaliyotengenezwa hivi hudumu chunguni kwa miaka miwili, pengine zaidi, kabla hayajaanza kuwa unga.

Vipande vya matofali ya kuchoma havina jina kubwa, ila vinafanya kazi. India na Sri Lanka wamevitumia tangu zamani. Tofali lililoiva vizuri lina matundu madogo yanayonywa maji na kuyatoa taratibu, nalo ni zito, kwa hiyo chungu hakipeperushwi na upepo wa baraza. Cha kuangalia ni uivaji. Chukua kipande, kitumbukize kwenye ndoo ya maji, kiache hadi kesho yake. Kikiwa bado kigumu kinafaa. Kikianza kumeguka kwa vidole ni kibichi, na chunguni kitageuka udongo ule ule tunaoukimbia. Kisiwe na saruji iliyogandia, maana saruji hufanya mchanganyiko uwe na magadi.

Magome ya msonobari, yale ya paini kama mafundi wanavyoiita, ndiyo yanayojaza mifuko inayouzwa madukani Ulaya. Kanda ya Ziwa ina misonobari yake. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania una mashamba ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi kule Buchosa, na palipo na shamba la paini na mashine ya kupasulia mbao, magome hubaki. Mtu mwenye ndugu upande huo anaweza kuletewa gunia zima. Magome mabichi yana utomvu na hukataa maji, kwa hiyo yakae nje yakinyeshewa kwa miezi michache, yakatwe, yachekechwe, kisha yalowekwe siku nzima kabla ya kutumika. Yanapooza, kuvu wanaoyaozesha hula naitrojeni iliyokuwa ya okidi. Hiyo ndiyo sababu Wamarekani wanaopandia magome hutumia mbolea yenye naitrojeni nyingi. Kwa joto la Ilemela, tena kwa mwenye kumwagilia kila siku, si busara kuyategemea zaidi ya miaka miwili.

Kuvumwani mkavu wa sfagnamu, unaotoka New Zealand na Chile, unaweza kubeba maji mara 20 ya uzito wake. Kwa mche mchanga, au okidi iliyopoteza mizizi karibu yote, ni mwokozi. Kwa okidi kubwa katika masika ya Mwanza ni hatari tupu. Taiwan husafirisha phalaenopsis zao nyingi zikiwa zimefungwa katika kuvumwani huo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa: nje panaonekana pakavu, katikati kuna donge lililokazwa ambalo halikauki. Okidi ya namna hiyo, maua yakiisha, ihamishwe bila kusubiri mwaka mwingine.

Vitu vingine tuvipitie haraka. Kokoto za graniti, zinazopondwa kwa nyundo kwenye vilima vya Mwanza, hazinywi tone la maji. Tabaka dogo chini ya chungu husaidia kukifanya kizito, basi. Pumba za mpunga hushikamana na kuoza upesi. Mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, yanayopatikana Arusha na Rungwe, ni mazuri sana kwa mwenye nafasi ya kuyabeba. Na gugumaji? Mmea huo ulioingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 umejaribiwa kwa mambo mengi, mboji ikiwamo, na kwa mchicha mboji yake haina ubaya. Kwa okidi ni laini mno, hushika maji na kuoza upesi.

Sasa kuchanganya. Phalaenopsis ina mizizi minene na haina mahali pengi pa kuhifadhi maji isipokuwa majani, kwa hiyo haipendi kukaushwa kabisa. Katika baraza lenye upepo, nusu makumbi na nusu mkaa ni mwanzo mzuri. Katika ua uliofungwa, makumbi yapungue yawe robo, na robo nyingine iwe matofali. Dendrobium yenye mashina marefu huweka akiba ya maji mashinani. Yenyewe hutosheka na mkaa na matofali, makumbi kidogo sana, tena katika chungu kinachoonekana kidogo mno kwake. Vanda haihitaji hata mchanganyiko: kikapu cha waya, vipande vitatu vinne vikubwa vya mkaa, na mkono wa kuimwagilia kila asubuhi. Ansellia ipewe mkaa mkubwa wa sentimita 3 na zaidi, iachiwe nafasi ya kusimamisha vijizizi vyake juu. Chungu nacho kihesabiwe. Cha udongo wa kufinyanga hupumua pembeni na hukauka mapema, cha plastiki hutunza maji, na kopo la rangi lisilotobolewa matundu ya kutosha huharibu kazi yote hata kama mchanganyiko umepatikana vizuri.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye mifuko ni tabia ya mwenye kumwagilia. Kuna mtu hawezi kupita mbele ya ua bila kulipa maji. Huyo apandie mkaa na matofali, na mkono wake hautadhuru. Kuna anayesafiri kwenda mnadani au visiwani akakaa siku nne. Huyo anahitaji makumbi. Kumpa mtu wa kwanza kuvumwani, au wa pili mkaa mtupu, ni kumtafutia msiba, hata kama kila kitu kingine kimefuatwa.

Kuhamisha kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Okidi hulowekwa kwa nusu saa ili mizizi ilegee, kwa maana mzizi mkavu huvunjika. Chungu hubinywa pembeni, na ikibidi hupasuliwa. Mizizi ni ghali kuliko chungu cha plastiki. Mchanganyiko wa zamani ukitoka huweza kunuka, na mara nyingi hutoka jongoo au konokono waliokuwa wamejificha. Halafu mzizi mmoja mmoja hupapaswa kwa vidole. Ulio hai ni mgumu, mweupe au wa kijani. Uliokufa ni wa kahawia, umejaa maji. Ukiuvuta, ngozi yake huchomoka na kubaki ule uzi wa katikati. Hiyo yote hukatwa kwa mkasi uliopitishwa motoni, na mkasi hupitishwa motoni tena kabla ya kuhamia mmea mwingine, kwa sababu virusi vya okidi husafiri kwenye utomvu. Unga wa mdalasini unaotumiwa na wengi kuzuia kuvu upakwe kwenye kidonda cha shina au jani peke yake. Ukigusa mizizi mizima huikausha.

Chungu kipya kiizidi mizizi kwa sentimita 1 au 2 tu. Tamaa ya kuipa okidi chungu kikubwa "ipate kukua" imeua nyingi, kwa sababu katikati ya chungu kikubwa hakukauki. Shina liketi juu ya mchanganyiko, lisifukiwe, na vipande viingizwe taratibu kati ya mizizi huku chungu kikigongwagongwa mezani. Mmea usitikisike; ukitikisika, ncha za mizizi mipya hukwaruzwa na kufa, kwa hiyo fito na uzi vitumike mpaka ushike. Kisha uwekwe kivulini, juu ya meza au uning'inizwe mbali na mchwa, na ukae siku tatu nne bila maji ili vidonda vifunge.

Wakati mzuri wa kazi hii hauandikwi kwenye kalenda, huonekana kwenye mmea wenyewe: maua yamekwisha, na ncha za kijani za mizizi mipya zimeanza kuchungulia kwenye shina. Ncha hizo zikitokea Septemba, kabla ya vuli, ni bahati njema, maana hewa inaelekea kuwa na unyevu na mizizi itashika upesi. Zikitokea Julai, makumbi yaongezwe kidogo kukabili upepo mkavu. Ila chungu kinachonuka kuoza hakisubiri msimu. Kumwagilia baada ya hapo kufuate mizizi: ikiwa ya fedha, maji mengi hadi yachuruzike chini, ikiwa ya kijani, subiri. Mkaa na matofali havina chakula ndani yake, kwa hiyo aliyevichagua atie mbolea ya kuyeyuka majini kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa wiki, na safari moja kwa mwezi amwagilie maji matupu ya kusuuza. Aliyepandia makumbi aendelee kuongeza kalsiamu naitreti kidogo mara moja moja.

Tarehe ya kuhamisha iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya chungu, na mchanganyiko uliotumika uandikwe pamoja nayo, ili baada ya mwaka na nusu mtu ajue anachofukua. Vipande vya matofali vya zamani vinaweza kuchemshwa na kutumika tena. Makumbi na magome yaliyochoka yamwagwe kwenye shimo la mgomba au mpapai. Mkaa wa zamani nao uende huko huko, kwa kuwa hata kwa maji laini ya ziwa huwa umekwisha kusanya chumvi za mbolea, na vidudu vya kuoza huweza kuwa vimejificha katika matundu yake.